Pazia nilifunga, redio ya jirani ikaendelea kuunguruma

Mwaka 2004 nilikua na steshenari ndogo Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Chumba kimoja tu, nachapa barua, CV, mitihani ya shule za jirani, kadi za michango ya harusi. Kompyuta moja yenye monita ya chogo, printa moja na UPS iliyochoka. Kati yangu na fundi redio kulikua na ukuta wa mbao nyembamba, yaani mtu akikohoa kule we huku unamwambia pole. Na yule mzee alikua ananilalamikia kila siku, "mangi, mashine yako inaniharibia redio," mana nikiwasha tu monita RTD, redio ya taifa, inaanza kuunguruma, na nikifungua ukurasa mwingine ule muungurumo nao unabadilika. Nilikua nasikia lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini unabadilika.

Mdogo wangu alikua chuo Dar anasoma elektroniki, akaja likizo na CD ya Linux na kiprogramu kinaitwa Tempest for Eliza. Jumamosi jioni tukamuomba mzee redio yake moja ya National. Spika za kompyuta tukachomoa kabisa tukaziweka chini. Dogo akawasha programu, skrini ikajaa mistari myeusi na myeupe, inabana inaachia, inabana inaachia, na mzee anazungusha kitufe taratibu kwenye masafa mafupi, kelele, watu wanaongea lugha sizijui, kelele tena, afu ghafla ukatoka muziki. Wimbo wa Beethoven, unakwaruza lakini noti moja moja unazifuata vizuri tu. Dogo akizima skrini wimbo unakata. Akiwasha unarudi. Mzee akabeba redio yake akaenda nayo upande wake wa ukuta, tukawa tunausikia unaimba huko huko, na hakuna waya hata mmoja uliounganisha vile vitu viwili.

Hapo ndo dogo akanieleza. Kila kifaa cha umeme kinavuja mawimbi, na ule waya unaopeleka picha kwenye monita unageuka antena bila mtu kuuomba. Picha yenyewe inachorwa upya mara 60 au zaidi kila sekunde, kwa hiyo anayesikiliza akikosa mara moja ana nafasi nyingine kibao. Mwaka 1985 Mholanzi mmoja, Wim van Eck, alionyesha kwamba maandishi ya skrini yanaweza kusomwa kutoka mbali, mamia ya mita, kwa TV ya kawaida, antena na kakifaa ka kutuliza picha isicheze.

Ila iliyonikaa ni ya 1943. Wamarekani walikua na mashine ya kuficha ujumbe wa kijeshi, imetengenezwa na kampuni ya simu ya Bell, halafu injinia mmoja wa hapo hapo akagundua kwamba kila mashine ikifanya kazi, kipimo kilichoko sehemu nyingine kabisa ya maabara kinaruka. Jeshi halikuamini. Wakawekwa wale mainjinia kwenye jengo la ng'ambo ya barabara, Varick Street kule New York, futi kama 80, wakarekodi saa moja tu, na baada ya saa chache wakaleta karibu robo tatu ya ujumbe wote ukiwa wazi. Makamanda wakaambiwa waweke ulinzi kwenye duara lenye upana wa futi kama 100 kuzunguka eneo la mashine. Futi 100 ni mita 30, yaani mita 15 kila upande. Usiku ule nililala nahesabu mita 15 kutoka mezani kwangu: fundi redio, kinyozi, mama wa chakula, maduka mawili ya mitumba na vijana wanaosubiri abiria wa Hiace.

Jumatatu mchana akaja mama mmoja wa Kibosho, mtu mzima, kitenge kimefungwa vizuri, mkononi ana daftari la shule. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nifungie mlango kidogo." Nikafunga mlango, nikafunga na pazia. Mume wake alikua amefariki, shemeji zake wanataka kumtoa kwenye kihamba, lile shamba la ukoo, na lile daftari lilikua na maelezo ya kupeleka kwa wakili, ndani yake majina ya wazee wawili waliokuwepo wakati mimea ya masale ya mpaka inapandwa. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa wale wazee wakijulikana kabla ya kesi watafuatwa usiku. Alikua ananong'ona na mlango umefungwa.

Nikawasha monita. Ng'ambo ya ukuta RTD ikaanza kuunguruma.

Nikachapa mistari kama minne. Nikashusha ukurasa, sauti ikabadilika. Nikapandisha, ikabadilika tena. Najua kabisa kwamba mtu kwenye benchi la fundi hawezi kusoma jina la mtu kwenye muungurumo, ili usome inabidi uwe na kipokezi kizuri, upate masafa sahihi, ulinganishe na mwendo wa skrini, na sidhani kuna mtu Moshi yote mwaka ule alikua na vifaa hivyo kwa ajili ya kesi ya kihamba. Lakini huyu mama kaniomba nifunge mlango, na mimi nasikia kwa masikio yangu kazi yake inatokea upande wa pili. Nilishindwa kuendelea kama vile sijui. Nikafuta ile mistari, nikazima, nikamwambia mama ngoja nikueleze kitu.

Nilimueleza kwa redio, sikutumia maneno makubwa. Nikamgongea mzee ukuta, "mzee fungua sauti," nikawasha, nikazima, akasikia mwenyewe. Hakushangaa kama nilivyotegemea. Aliuliza tu, "sasa kipi hakisemi?"

Chini ya meza nilikua na taipureta ya zamani ya mkono, Olympia, niliyoanzia kazi nayo. Nikaipangusa vumbi. Herufi "a" ilikua inakwama inabidi uivute kwa kidole, na kurasa tatu zilinichukua karibu saa mbili, nakala mbili kwa karatasi ya kaboni. Hiyo kaboni ndo mama aliiona kabla yangu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, maneno yote yanasomeka humo, majina na kila kitu, akaikunja akaiweka kwenye kitenge pamoja na barua. Akasema ataichoma jikoni kwake.

Baadae dogo alinisaidia kuhamishia meza ukuta wa nyuma, mbali na mtaa, waya wa monita tukaweka mfupi, ule wenye kidude kinene cha kuzuia kelele. Umbali haukugharimu hata shilingi na ulisaidia kuliko vyote. Kinga kamili ni chumba chote kizungukwe na chuma bila upenyo, hata mlango, na umeme uingie kwa kupitia filta, hiyo sisi tungeitoa wapi. Na watu wasidhani skrini bapa zimemaliza jambo, mana Markus Kuhn, mtafiti wa chuo cha Cambridge, alishaonyesha hata hizo zinasomeka, na 2006 Uholanzi walisimamisha aina moja ya mashine za kupigia kura kwa sababu hiyo hiyo, kura ya mtu inasikika hewani. Saivi kipokezi cha USB cha bei ndogo na programu ya bure vinafanya sehemu kubwa ya kazi iliyohitaji maabara.

Ila ninachokumbuka zaidi ni ule mchana. Mimi navuta ile "a" kwa kidole, mama kakaa kwenye stuli anafuatilia kila mstari kwenye daftari lake, na ng'ambo ya ukuta mzee ameongeza sauti, taarifa ya habari inasomwa mwanzo mpaka mwisho, safi, haina mkwaruzo wowote.