Nilivyomuuguza mwanangu ugonjwa wa Kawasaki, kutoka Ngamiani hadi kwenye kipimo cha moyo

Homa ya mwanangu ilikuwa haisikii dawa. Panado inaituliza kidogo, baadaye inarudi palepale, 39 na pointi. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, kilo 10. Huku kwetu Ngamiani, Tanga, mtoto akichemka, jirani wa kwanza atasema malaria, wa pili yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Zahanati tuliyokwenda walisema vivyo hivyo: malaria hakuna, mkojo una wadudu kidogo, mpe hii dawa ya maji. Dozi ikaendelea na homa nayo ikaendelea.

Mimi kazi yangu ni steshenari, fotokopi na kuchapa barua za watu, kwa hiyo kutunza kumbukumbu nimeshazoea. Kila mtoto alipobadilika nilimpiga picha kwa simu. Nilichoka kumweleza mhudumu vitu ambavyo nikifika mbele yake vimeshapotea. Upele wa tumboni na kinenani ulitoka jioni, asubuhi haupo. Macho yote mawili yalikuwa mekundu lakini hayana tongotongo. Midomo ilikauka ikapasuka hadi ikatoa damu, ulimi ukawa mwekundu wenye vinundu. Viganja na nyayo vilivimba, ukimsimamisha analia anakunja miguu. Mama mkwe wangu ndiye aliyeona jambo la ajabu kuliko yote, alipokuwa anamwogesha: "Mwanangu, hebu njoo, chanjo ya huyu imeamka." Lile kovu la chanjo ya kifua kikuu begani, lililopona zamani, lilikuwa jekundu na limetuna.

Nilichapisha picha zote kwenye karatasi moja, tarehe chini ya kila picha, tukaenda Bombo, hospitali ya mkoa. Daktari aliitazama ile karatasi muda mrefu kuliko alivyomtazama mtoto. Akauliza, "Mama, homa hii leo siku ya ngapi?" Zilishapita tano. Akampapasa shingo, upande mmoja kulikuwa na tezi. Surua aliiondoa mapema, kwa kuwa mtoto hakuwa na kikohozi wala mafua. Akasema anashuku Kawasaki.

Ugonjwa huu hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Daktari anaunganisha: homa ya siku 5 au zaidi, pamoja na dalili nne kati ya tano, yaani macho, midomo na ulimi, upele, mikono na miguu, na tezi ya shingoni. Kovu la chanjo halimo katika hizo tano, ila likiwaka namna ile madaktari wanalichukulia kwa uzito. Tatizo ni kwamba dalili haziji zote kwa pamoja. Siku tuliyofika Bombo macho yalishaanza kuwa meupe. Bila karatasi yangu sijui angeshuku nini.

Aliyeueleza ugonjwa huu ni daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki. Mtoto wa kwanza alimwona mwaka 1961, akachapisha maelezo yake mwaka 1967. Chanzo chake mpaka leo hakijajulikana. Unawapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5, na hauambukizwi kwa kucheza pamoja, jambo nililolazimika kulirudia kwa majirani wengi. Unachofanya ni kuvimbisha kuta za mishipa ya damu, hasa ile inayolisha misuli ya moyo. Usipotibiwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne mishipa hiyo hutanuka. Damu ikiganda pale palipotanuka, hata mtoto mdogo anaweza kupata shambulio la moyo.

Dawa yake ni imunoglobulini, kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya wachangiaji wengi. Inafaa zaidi ikitolewa ndani ya siku 10 za mwanzo wa homa. Kipimo ni gramu 2 kwa kila kilo, kwa hiyo kwake gramu 20, inadondoka taratibu kwa saa 10 hadi 12. Ni ghali. Kwenye mchezo wetu wa kina mama, wa kuchangiana pesa kwa zamu, zamu haikuwa yangu, wakanipisha bila maneno. Tukapewa rufaa ya Muhimbili, Dar es Salaam, tukapanda basi la alfajiri.

Homa ilikata baada ya ile dripu. Tukapelekwa kwenye eko, kipimo kinachoonyesha moyo kwenye skrini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Nilidhani wakisikiliza kifua na kukuta mapigo sawa basi yameisha. Kumbe ule mshipa hausikiki, unaonekana. Daktari akanionyesha kwenye skrini: "Mama, umewahi kuona tyubu ya baiskeli iliyotuna sehemu moja? Basi ndiyo hii, ila ni ndogo." Mtu wa Tanga hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Nyumbani ndiko kwenye kazi. Ni aspirini ya kuzuia damu isigande, nusu kidonge cha miligramu 75 kila siku, nasaga kwa vijiko viwili na kuchanganya na uji kidogo tu, maana ukiuweka kwenye bakuli zima anabakiza dawa chini. Anakimbia, anakula mbaazi na mandazi, ngozi ya ncha za vidole ilishabanduka kuanzia kwenye kucha ikaota mpya. Basi kila mgeni ananiuliza, "Mzima huyu, dawa za nini?" Sibishani. Nimebandika kalenda jikoni, natia alama nikishampa, na baba yake akirudi anaangalia hapo kabla ya kuniuliza.

Ibuprofeni haingii nyumbani kwangu, inaizuia aspirini kufanya kazi yake. Mtoto wa nyumba ya pili alipopata tetekuwanga nilimpigia daktari siku ileile, kwa sababu aspirini ikikutana na tetekuwanga au mafua makali inaweza kudhuru ini na ubongo. Akaniambia nimtenge, tukahamia kwa mama yangu Muheza. Chanjo ya pili ya surua, ya miezi 18, nayo imesogezwa hadi miezi 11 baada ya dripu, kwa sababu zile kingamwili zinaweza kuifanya isishike. Kliniki muuguzi alikuwa ameshavuta sindano. Nikampa barua ya daktari, akaisoma, akaandika tarehe mpya kwenye kadi.

Eko ya mwisho mshipa umepungua, haujarudi kwenye kipimo cha kawaida. Aspirini inaendelea.