Siku moja maishani mwangu: kukagua trela ya kulala kabla mteja hajalipa

Saa 12:15 asubuhi

Kazi yangu ya kukagua trela za kulala, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari, inaanzia mezani, kabla ya ovaroli. Muuzaji ameshatuma picha ya stika ya namba ya chasisi, herufi na tarakimu 17, ambayo hubandikwa ubavuni mwa trela kuelekea mbele. Ya kumi ndiyo ya mwaka wa modeli: M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024. Ya leo ni N. Naitafuta modeli hiyo kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kuona kama kuna kasoro iliyotangazwa na mtengenezaji, ambayo huenda mwenye trela hajaipeleka kurekebishwa.

Mwaka una uzito wake. Elkhart na miji jirani ya Goshen na Middlebury, huku kaskazini mwa Indiana, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya trela za kulala za Marekani. Mwaka 2021, watu wakikwepa hoteli kwa sababu ya korona, viwanda vilipeleka sokoni magari na trela za kulala zaidi ya 600,000. Mwaka 2023 idadi ilikuwa imeshuka hadi kama 313,000. Modeli ya 2022 huenda iliundwa katikati ya pilikapilika zile, vifaa vikiwa adimu na wafanyakazi wengi wakiwa wapya. Si kila ya wakati huo ni mbovu, ila tarehe ya kuundwa iliyo kwenye stika naiamini kuliko mwaka wa modeli.

Saa 1:30

Uani kwa muuzaji. Jana niliomba mambo manne: friji iwashwe tangu jioni, kwa sababu friji ya gesi na umeme huchukua kama saa 12 kupoa, betri iwe imejaa, mitungi ya gesi isiwe mitupu, na trela isioshwe. La mwisho huwashangaza wauzaji. Michirizi myeusi chini ya madirisha na taa huonyesha maji yanapita wapi, na sabuni huifuta.

Karibu na mlango kuna stika ya RVIA, chama cha watengenezaji. Wanunuzi wengi huiona kama cheti cha ubora, nayo si hivyo. Inasema mtengenezaji ameahidi kufuata kanuni za umeme, gesi, mabomba na kinga ya moto, hasa NFPA 1192, kanuni ya Marekani ya magari na trela za kulala. Kama kabati limenyooka, kama paa limezibwa vizuri, kama ukuta utadumu miaka mitatu, stika hiyo haihusiki.

Saa 2:00, chini ya trela

Naanzia chini kwa sababu chasisi ikiwa imepasuka sina haja ya kupanda paa.

Tairi kwanza. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 3821 ni wiki ya 38 ya mwaka 2021. Trela hukaa uani muda mrefu, na jua huua tairi kabla ya barabara. Zikipita miaka 5 au 6 naziandika za kubadilisha hata kama zina kashata kama mpya. Hizi ni saizi ST205/75R14, za daraja C la kubeba mzigo, kila moja inabeba kilo 798. Nne ni kama kilo 3,193. Ekseli mbili za kilo 1,588 kila moja ni kama kilo 3,175. Maana yake kiwandani walibakiza nafasi ya kama kilo 18 tu kwa tairi zote nne. Kwa mahesabu inaruhusiwa, ila tairi moja ikipungua upepo, au mzigo ukielemea upande wa jikoni, nafasi hiyo imekwisha. Tairi za daraja D za saizi ileile hubeba kilo 925 kila moja, mradi rimu nayo iwe imeandikwa kuhimili presha ya psi 65.

Jinsi zilivyoisha nayo husema. Ukingo wa ndani ukiwa kipara na wa nje mzima, ekseli imepinda au imebebeshwa kupita kiasi. Mabonde mabonde kuzunguka tairi ni mara nyingi bushi zilizokwisha, vile vibomba vidogo vinavyozunguka bolti za springi. Trela nyingi za bei ya kawaida hutoka kiwandani na bushi za plastiki zisizopakwa grisi. Zikilika, bolti husaga tundu la shakeli, kipande cha chuma kinachoshika springi, mpaka linakuwa kama yai. Natingisha kiungo cha katikati ya springi kwa pau: kikicheza hadi kugonga, naandika. Bushi za shaba zenye bolti za grisi si ghali, na mimi binafsi nazihesabu kama alama kubwa ya trela iliyofikiriwa.

Kisha fremu. Naangaza tochi pale springi zinapochomelewa kwenye boriti kuu, na pale mikono ya mbele ya kuvutia inapokutana na mwili. Natafuta ufa wa rangi unaofuata ukingo wa weldi, wenye mstari mwembamba wa kutu ndani yake. Hiyo ni chuma inayochoka. Weldi iliyojaa vishimo, au iliyokaa juu ya chuma bila kuzama, ni ya haraka. Fremu laini hujionyesha juu pia: nyufa zinazoanzia kwenye kona za mlango, au mwanya usiolingana juu ya magurudumu.

Plastiki nyeusi inayofunika tumbo la trela naibonyeza kutoka chini. Mahali palipolegea na pazito pana maji. Leo ni pakavu.

Breki: navuta pini ya swichi ya dharura, ile inayofunga breki trela ikichomoka kwenye gari, huku mita ya ampea ikiwa kwenye waya. Kila sumaku ya breki hula karibu ampea 3, kwa hiyo magurudumu manne ni 12 hivi. Nimepata 9. Gurudumu moja halifungi, au waya umekatika ndani ya ekseli.

Saa 3:30, paani

Ngazi yangu mwenyewe, na nakanyaga juu ya viunzi, ambavyo kwa kawaida viko kila sentimita 40 au 60. Kati ya viunzi paa likididimia chini ya kiatu, mbao imeoza au tangu mwanzo iliwekwa nyembamba mno.

Juu ni utando wa TPO, aina ya plastiki isiyopitisha maji. Utando wenyewe huharibika kwa nadra kuliko maungio yake: pale paa linapokutana na kofia ya mbele, yaani kipande kinachofunika uso wa trela, kuzunguka matundu ya hewa, bomba la choo, antena, na kingo ndefu za pembeni. Hapo huwekwa gundi ya paa inayojisawazisha yenyewe. Ikiwa na nyufa kama udongo wa kiangazi, au imenyanyuka ukingoni kiasi cha kupitisha ukucha, imekwisha kazi. Mwenye trela alitakiwa kuiangalia angalau mara mbili kwa mwaka. Wengi hawajawahi kupanda.

Nikiona silikoni ya dukani paani, nasimama. Hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake, hivyo lazima ikwanguliwe yote kabla ya kuziba upya. Tena hakuna anayepaka silikoni paani bila kuwa ameona tone ndani. Kwenye hii ipo: mstari wa sentimita 20, kona ya mbele kulia, kwenye ungio la kofia. Ungio hilo ndilo linalopigwa zaidi, kwa sababu trela ikivutwa kwenye mvua kwa kilomita 100 kwa saa, maji husukumwa kwa nguvu mpaka pasipofikiwa na mvua ya kawaida.

Saa 4:45, kuta

Kuta za trela huundwa kwa namna kuu mbili. Ya kwanza ni fremu ya mbao na mabati ya alumini yenye mikunjo. Ni nzito kidogo na haina mvuto, lakini bati moja likiharibika linatolewa na mbao inabadilishwa. Ya pili, kama hii ya leo, ni mkate wa tabaka: ngozi ya faibaglasi, plaiwudi nyembamba ya luani, povu na mabomba ya alumini, vyote vimegandishwa pamoja. Inapendeza na ni nyepesi. Maji yakiingia, luani huvimba, gundi huachia, faibaglasi hubanduka na kufanya mawimbi. Kulirekebisha eneo kubwa ni kubadilisha ukuta, na gharama yake hukaribia thamani ya trela iliyotumika. Baadhi ya watengenezaji wameiacha luani na kuweka Azdel, tabaka la plastiki na nyuzi za kioo lisilooza. Muulize muuzaji, kisha hakikisha kwenye vipimo vya mtengenezaji, kwa maana wengine huiweka ukutani na kubakiza luani kwenye kofia ya mbele.

Tochi naiweka sambamba na ukuta, karibu kuugusa, nikitazama kwa mbele. Uvimbe usioonekana ukisimama wima mbele yake hutoa kivuli. Kisha kiganja kinapita chini ya kila dirisha na chini ya zile taa ndogo za juu mbele, ambazo skrubu zake hutoboa moja kwa moja hadi ndani.

Ndani natumia mita ya unyevu isiyo na sindano, inayogusishwa tu ukutani, na ile ya sindano kuthibitisha. Mbao chini ya asilimia 15 ni salama. Ikipita 20, maji yapo au yalikuwepo juzi. Tahadhari: mita isiyo na sindano hupanda ikipita juu ya bomba la alumini, ndiyo maana nachora kwanza mahali fremu ilipo. Kona ya mbele kulia, ndani ya kabati la juu ya kitanda: 24. Kushoto: 11. Silikoni ya paani imepata jibu lake. Kwa nje faibaglasi bado imeshika.

Saa 6:10 mchana

Chapati ya jana na chai ya chupa. Wakati huo kipimo cha gesi kinafanya kazi: presha ya kawaida ni inchi 11 za maji, kizio cha presha ndogo, tunaishusha hadi 8, mtungi umefungwa, na sindano haitakiwi kusogea kwa dakika 3. Haijasogea. King'ora cha gesi ndani kina tarehe ya mwisho mgongoni, nayo imepita.

Saa 6:45

Kipimo cha upepo. Feni yenye presha ndogo inafungwa kwenye tundu la paa, matundu mengine yanazibwa kwa tepu, trela inajaa hewa, nami nanyunyiza maji ya sabuni kwenye kila ungio. Povu linapochemka, hewa inatoka, na panapotoka hewa panaingia maji. Ungio la kofia mbele kulia linachemka, na taa ndogo ya pili kutoka kulia pia. Madirisha yote yametulia. Kwangu hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote, kwani huonyesha tundu kabla halijafanya madhara, ilhali mita ya unyevu husubiri madhara yaanze.

Saa 7:40

Umeme haraka: soketi zote polariti sawa, yaani waya hazijabadilishana nafasi, chaja inatoa volti 13.6, kitufe cha kinga ya kupigwa na umeme bafuni kinakata. Friji iko nyuzi 3. Kiyoyozi, baada ya nusu saa, kinapaswa kutoa hewa baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 9 hadi 12 za Selsiasi. Hiki kinatoa 7. Nafungua kifuniko cha dari: kizuizi kati ya hewa inayoingia na inayotoka hakikuzibwa kwa tepu, hewa baridi inarudi ilikotoka. Tepu ya alumini na dakika 20. Kwenye njia ya hewa ya sakafuni kuna pumba za mbao na skrubu tatu, za kiwandani.

Saa 8:15

Maji. Najaza tangi, nawasha pampu, inajenga presha na kunyamaza. Koki zote zimefungwa. Ikijiwasha yenyewe ndani ya dakika 15, kuna pahali panavuja. Hii imejiwasha baada ya dakika 6. Nyuma ya paneli ya bafu, nati ya plastiki ya bomba imekazwa nusu. Kuikaza kwa mkono kumeponya. Sakafu chini yake naikanyaga kwa kisigino: ngumu. Hapo, mlangoni, na kwenye kona za slaidi, yaani chumba kinachosukumwa nje, ndipo sakafu hulainika kwanza. Slaidi yenyewe naipeleka na kuirudisha mara tatu nikisikiliza kama pande mbili zinakwenda pamoja.

Makochi na taa za urembo siziandikii neno. Natoa droo na kuchungulia zilikotoka: pini za stepla peke yake au skrubu na gundi, waya umefungwa au unasugua ukingo wa chuma. Fundi aliyejua kwamba pale hapataonekana ndiye ninayemkagua.

Saa 9:30

Uzito. Stika: mwisho wa uzito kilo 3,447, trela tupu kilo 2,744, unabaki mzigo wa kilo 703. Tangi la maji likijaa, lita 189, unaondoa kilo 189. Zinabaki 514 za vyombo, chakula, nguo na betri ya pili. Familia ya watu watano huzimaliza upesi. Ekseli pamoja hazifikii 3,447. Kinachobaki hubebwa na mkono wa kuvutia, ambao unapaswa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Gari la mteja lipimwe kwa hilo, wala si kwa namba ya kuvuta iliyo kwenye tangazo.

Saa 11:00 jioni

Ripoti kwa mteja, aliye Columbus, Ohio. Kabla ya pesa kutoka: silikoni ikwanguliwe, ungio la mbele na taa zizibwe upya, kabati la juu lifunguliwe na kona ikaushwe, breki ya nne ifanye kazi. Vya kushusha bei: tairi za daraja D, bushi, king'ora cha gesi. Tepu ya kiyoyozi ataweka mwenyewe. Wiki mbili baada ya matengenezo, kona ya kulia ipimwe tena kwa mita ya sindano na kipimo cha upepo kirudiwe; namba ikibaki juu ya 20, amana irudishwe, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hajasaini.