Mteremko wa Sigi

Masika ya 2018 yalikuwa yamekolea siku niliyozitoa kanga mbili sandukuni, nikazikunjua kitandani na kuhesabu tena shilingi milioni 9. Zilikuwa faida za iliki za misimu mitatu. Nilizihesabu mara mbili, nikazifunga upya, nikatoka Ngamiani, mjini Tanga, alfajiri kumpitia mjomba kwake Makorora twende tukanunue pikipiki ya matairi manne.

Shangazi alikuwa ameniuliza kama viwanja vimekwisha Tanga. Sikubishana naye. Shangazi hajawahi kupanda Amani, kule milima ya Usambara, mwezi wa nne. Kutoka Muheza mpaka Sigi mtu unakwenda, ingawa mashimo yapo na madimbwi yapo. Ukishapita geti la Sigi, pale penye nyumba ya stesheni iliyoachwa na Wajerumani, ndipo mlima unapoanza, kona juu ya kona, mti kulia na korongo kushoto. Udongo wa kule ni mwekundu. Ukilowa sawasawa, mguu unauweka hapa unaukuta pale. Wakulima wangu wa iliki, mdalasini na pilipili manga walikuwa juu kabisa, huko karibu na mashamba ya chai, na kwa miaka yote mzigo wao ulishuka kwa boda.

Ulishuka hivyo mpaka vuli ya 2017. Kijana aliyekuwa akinibebea, mtoto wa jirani yangu, alikuwa anateremka na viroba viwili mvua ikinyesha. Tairi la nyuma likampita la mbele, pikipiki ikamlalia, mtulinga wa kushoto ukavunjika. Waliomkuta waliniambia walimkuta amekaa kwenye mtaro, mkono mmoja umening'inia, na kwa ule mwingine anaokota iliki moja moja anazirudisha kwenye kiroba. Habari hiyo sikuweza kuimeza. Nilimuuguza mpaka akapona, lakini tangu siku ile niliapa kwamba mzigo wangu hautateremka tena kwa matairi mawili wakati wa mvua.

Mjomba aliendesha lori la chai kule juu kwa miaka mingi kabla hajastaafu. Nilipomweleza nia yangu hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Unataka ya kupandia au ya kushukia?" Sikumwelewa.

Muuzaji alikuwa na ua mtaa wa Majani Mapana, na chini ya mabati aliziweka tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa, siti ingali na nailoni, injini ya cc 250, inavutwa kwa mnyororo tairi za nyuma peke yake. Mjomba aliipita kama mtu anavyopita duka lililofungwa. Ya kutembezea watalii ufukweni, alisema, si ya mlimani.

Ya pili ndiyo iliyonichukua moyo. Bluu, cc 700, winchi mbele, tairi za meno marefu, imepanda juu utadhani farasi. Ilikuwa imetumika, lakini ilisuguliwa mpaka ukajiona usoni mwake. Ya tatu ilikuwa Honda ya cc 420, nyekundu iliyopauka, siti imeshonwa kwa uzi wa fundi viatu. Mimi nilikwishaamua. Nilikuwa nawaza tu pa kumuegeshea farasi wangu wa bluu.

Mjomba akaomba kigoda. Alikaa mbele ya zile mbili karibu saa nzima, na leo nikikumbuka naona ile saa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Alianza na oili. Akavuta kijiti cha kupimia, akakifuta kwenye kitambaa cheupe alichokuja nacho kutoka nyumbani, akakirudisha, akakivuta tena. "Ukiiona nyeupe kama chai ya maziwa," akaniambia, "ujue mashine imeshazama, maji yameingia injini. Usiulize hata bei." Zote mbili zilikuwa safi. Akafungua boksi la chujio la hewa, akapitisha kidole ndani kutafuta tope. Akalala chini, ndani ya kanzu yake, akamulika raba za ekseli. Kwenye ile nyekundu, raba ya mbele kushoto ilikuwa imechanika na grisi imerukia rimu. Nikafurahi moyoni, nikidhani ameiona kasoro itakayomaliza maneno.

Halafu akahamia kwenye ya bluu, ubavuni, penye boksi la mkanda. Chini yake kuna kizibo kidogo. Akakichomoa. Yakatoka maji, kama kikombe cha kahawa hivi, yenye rangi ya matofali. Kijana wa muuzaji akasema ni ya kuoshea tu, mzee. Mjomba akarudisha kizibo, akajifuta, asiseme kitu.

Mashine za mkanda hazina gia za kuhesabu. Zina puli mbili na mkanda kati yake, na puli hizo hujibana na kujiachia zenyewe kadiri unavyoongeza mwendo. Wewe kazi yako ni kusukuma mafuta, tena kwa kidole gumba, si kwa kuzungusha mkono kama boda. Raha yake haielezeki. Ile Honda ilikuwa ya gia za kukanyaga, haina mkono wa kluchi. Ukikanyaga gia kluchi inajitoa yenyewe, kama Honda C90 za zamani. Haina mkanda. Nguvu inakwenda kwa shafti mbele na nyuma.

Mjomba alimwambia muuzaji tutoe arubuni, yeye azipakie zote mbili kwenye Canter, tukazijaribu zinakokwenda kufanya kazi. Muuzaji alisita. Nilipofungua kanga moja mbele yake akaita dereva.

Tulimpitia Muheza kijana wetu, yule yule aliyeanguka na boda. Alipanda nyuma ya Canter, akakaa katikati ya zile mashine mbili, hakusema neno mpaka Sigi.

Sigi mvua ilikuwa rasharasha. Tulipozishusha, kijana wa muuzaji aliiwasha ya bluu akaielekeza mtoni, atuonyeshe inavyoogelea. Mjomba alimzuia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Ule ni mto Zigi. Unateremka mpaka bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko yanakotoka maji ya mabomba ya Tanga mjini. "Oili yako unampikia nani chai?" alimuuliza. Nakubaliana naye mpaka leo. Watu wanaopeleka mashine hizi kwenye vijito na ndani ya msitu kwa kutafuta tope la kuchezea wananiudhi. Barabara ya umma ina tope la kumtosha kila mtu, na msitu ule umehifadhiwa kwa sababu.

Kabla ya kupanda, mjomba aliyabonyeza matairi. Yalikuwa magumu kama ya boda. Mtu wa pancha alikuwa ameyajaza kwa mazoea yake, paundi 30 au zaidi, wakati tairi hizi pana zinataka paundi 4 au 5 tu ili zijitandaze na kuing'ata ardhi. Akachukua njiti ya kiberiti, akabonyeza kipini cha vali, upepo ukatoka kwa muda mrefu, tairi moja baada ya jingine, huku akijaribu kwa dole gumba mpaka aridhike.

Kupanda, nasema kweli, ya bluu ilishinda. Mimi mwenyewe niliipanda kona tatu, na nilipoigusa kwa kidole ilinitoa pale nilipo kana kwamba mlima umelazwa. Penye mfereji uliochimbwa na maji ilipita bila kugusa. Tulikuwa tumepima Majani Mapana kwa mkono: kutoka ardhini hadi tumboni ya bluu ilizidi shibiri kwa vidole vinne, ile nyekundu haikufika hata shibiri. Na kweli, nyekundu ilipopita palepale ililikwaruza jiwe, tukasikia. Ekseli yake ya nyuma ni moja, imenyooka, haijui kujikunja penye shimo. Nikamtazama mjomba. Akanyoosha kidole kule tulikotoka, chini.

Aliyetangulia kuteremka na ya bluu alikuwa kijana wa muuzaji, maana ndiye aliyeijua. Aliingia kona ya kwanza vizuri. Ya pili, palipo na mteremko mkali, akaachia mafuta kama mtu yeyote angefanya. Injini ikashuka sauti, halafu ile mashine ikaanza kukimbia. Niliona kwa macho yangu: injini inanguruma taratibu kama imesimama, na tairi zinazidi kasi. Mkanda ulikuwa umelegea, injini haishiki tena tairi, amebaki na breki tu. Akabana breki. Tairi zote nne zikasimama na mashine ikaendelea kwenda, imesimama hivyo hivyo, inateleza kilo karibu 300 na mtu juu yake, mpaka ubavu wake ukajigonga kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Ingekuwa upande wa pili nisingekuwa naandika haya kwa utulivu.

Hakuumia. Lakini alipotaka kuirudisha barabarani, ikaunguruma isiende. Harufu ya mpira ulioungua ikatufikia. Mkanda uliolowa unateleza kwenye puli, na yale maji mekundu ya asubuhi yalikuwa yametwambia. Zipo za mkanda zilizowekewa kifaa cha kuushika hata ukiachia mafuta, nazo zinateremka vizuri, nimeziona baadaye. Ile ama haikuwa nacho ama kilikwisha, na muuzaji hakuweza kutueleza.

Mjomba akamgeukia kijana wetu. Nilitaka kusema yeye asiende, aende mjomba mwenyewe. Kijana alikuwa ameshavaa helmeti.

Mjomba alimwekea mkono kwenye tanki. "Gia ya kwanza kabla hujaanza kushuka, siyo ukiwa katikati. Kidole kiondoe kabisa kwenye mafuta. Kaa nyuma ya siti. Breki iguse, usiibane. Mengine iachie injini."

Akaenda. Tulimfuata kwa miguu, tunashikana ili tusianguke, mbega wanaruka juu yetu na matone yanadondoka kwenye majani. Nilichokisikia ndicho kilichonituliza kabla ya nilichokiona: injini ilikuwa inapanda sauti kila mteremko ulipokuwa mkali, inalalamika, inavuta nyuma, na tairi zinazunguka polepole kama mtu anayehesabu hatua. Kwenye kona ya pili alipita juu ya michirizi iliyoachwa na ya bluu. Nyuma ilijisogeza kidogo, kiasi cha kiganja, ikarudi mahali pake. Kona ya tatu tukampoteza, tukabaki na mlio tu, na mlio ule haukubadilika.

Njiani mjomba aliniambia kwamba zamani aliwahi kuiona ya matairi matatu kwenye shamba moja la mkonge, na aliona watu wawili wakipinduka nayo. Honda walianza kuziuza mwaka 1970, na Marekani zilikoma kuuzwa mwaka 1988 kwa sababu ya kuangusha watu. Hata za manne, alisema, zinapinduka ukizidharau. Alikuwa anahema. Magoti yalikuwa yanamuuma na hakutaka nimshike mkono.

Tulimkuta getini Sigi, mashine imezimwa, yeye amesimama kando yake. Akavua helmeti kwa mkono wa kushoto, ule ule ambao kwa miezi miwili haukuinuka kupita bega.

"Dada," akasema, "tumlipe mtu pesa yake."

Nilibishania ile raba iliyochanika, na siti, na lile jiwe. Tukakubaliana milioni 8 na laki 4. Nilihesabu juu ya kiti cha Canter, noti zikachafuka udongo mwekundu wa vidole vyangu, na muuzaji akazipokea hivyo hivyo. Raba mpya tuliifunga Tanga wiki iliyofuata, na mjomba alisimamia.

Nilidhani tumemaliza. Mjomba akaomba dumu la maji, akaimwagia kariya ya nyuma ya ile nyekundu mpaka tope likatoka na karatasi iliyobandikwa pale ikasomeka. Ilikuwa ya Kiingereza. Akamwita kijana aisome kwa Kiswahili, kwa sauti.

"Mzigo wa mbele usizidi kilo 30. Wa nyuma usizidi kilo 60." Akasogea kwenye tanki, akafuta nyingine kwa kiganja. "Usipakie abiria."

"Hata mkeo."

"Hata mke, mjomba."

"Hata mimi nikiumwa goti. Soma tena."