Mbegu ya ubuyu

Jumamosi iliyopita nilishinda nimelala ubavu kwenye sakafu ya jiko, kichwa ndani ya mashine ya kuosha vyombo. Mume wangu alipita mara mbili bila neno. Mara ya tatu akauliza kama aniletee mto.

Mashine yenyewe ni mtumba. Niliinunua kwa mtumishi mmoja wa serikali miaka 4 iliyopita, yeye anarudi Dar wakati wenzake wote wanahamia huku Dodoma, na hakutaka kuibeba. Sikuuliza sababu. Nikatoa laki mbili na nusu, nikakodi kirikuu mpaka Ipagala. Kibandiko cha pembeni mwa mlango kinasema 2008. Mama mkwe alipokuja kutoka Kongwa aliizunguka, akaigonga kwa kidole, akaniuliza: "Sasa Mama Tumaini, mikono imepatwa na nini?"

Imenifaa, sisemi uongo. Ila wiki mbili hizi ilianza vituko. Glasi kutoka na ukungu mweupe nilishazoea. Jipya likawa hili: inaosha vizuri, inafika pa kumwaga maji, inanguruma mmmmm kama dakika nzima, halafu inanyamaza, taa mbili zinawaka na kuzima. Ukifungua mlango unakuta maji machafu yametuama chini, na mlenda wa jana unaelea juu yake.

Nikamwita fundi. Kijana mstaarabu, ila nadhani mambo yake zaidi ni majokofu. "Shikamoo mama," akaiwasha, akaisikiliza, hata begi hakulifungua. "Pampu ya kutolea maji imekufa hii. Tunaagiza Dar. Laki na themanini, na mkono wangu elfu hamsini." Nikampa nauli, nikamwambia nitampigia.

Kilichonikwaza ni ule mngurumo. Waya wa ndani ya pampu ukikatika, umeme haupiti, pampu inakaa kimya. Kama inanguruma, basi umeme unaifikia, ila kipangaboi chake kinachosukuma maji hakizunguki. Kimebanwa na kitu. Laki na themanini kwa kitu kilichobanwa? Hapana.

Nilichomoa plagi ukutani kabisa, sikuridhika na kuzima swichi. Nikatoa kapu la chini, nikachota maji kwa kikombe cha chai, yaliyobaki nikayanyonya kwa sifongo. Harufu yake sitaielezea. Chini pale katikati kuna chujio. Unalizungusha kinyume cha saa, linatoka. La kwangu halikuhitaji kuzungushwa. Lilikuwa limekaa upande, halijafungwa mpaka mwisho, na pembeni yake pana mwanya wa kupitisha kidole. Aliyelisafisha mara ya mwisho ni mimi.

Chini ya chujio kuna shimo, na ubavuni mwa shimo kifuniko kidogo cha plastiki chenye skrubu moja. Nyuma ya kifuniko ndipo kipangaboi kilipo. Vaa glavu kabla ya kuingiza kidole, maana glasi zikivunjika vipande vyake hukimbilia hapo hapo. Kipangaboi kizima hakizunguki laini kama feni. Kinakwenda kwa kurukaruka, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kwa sababu ndani mna sumaku inayokivuta. Kisikutishe. Cha kwangu hakikwenda mbele wala nyuma.

Nikaleta kibano changu cha nyusi na tochi ya simu. Nikavuta, kikateleza. Nikavuta tena. Ikatoka mbegu ya ubuyu, nyeusi, ina ule mkunjo wake kama figo, imeoshwa ikatakata kuliko glasi zangu zote. Nyuma yake ikafuata nusu ya mbegu nyingine iliyopasuka.

Nikamwita kitindamimba wangu. Akaitazama mbegu kiganjani mwangu, akatazama dari. Kumbe ubuyu akimaliza kumumunya anatemea mbegu kwenye kikombe, na kikombe anakitia kwenye mashine kwa adabu zote, kama nilivyomfundisha.

Kichwa kikiwa humo ndani unaona na mengine. Ile mikono inayozunguka na kurusha maji, matundu yake karibu nusu yalikuwa yamezibwa na ukoko mweupe. Mwenye birika Dodoma anaujua. Maji yetu kwa miaka mingi yametoka kwenye visima vya Mzakwe, na maji ya chini huja na madini ya kalisi na magnesi. Ukiyachemsha, ukoko unabaki. Nikaichomoa mikono yote miwili, nikailaza usiku kucha kwenye beseni la maji moto na siki, asubuhi nikazibua tundu moja moja kwa kijiti cha meno.

Na hapa nina aibu kidogo. Sakafuni mwa mashine kuna mfuniko mkubwa wa kuzungusha ambao kwa miaka 4 sijawahi kuufungua. Ni pa kuweka chumvi. Ndani yake kuna vipunje vinavyonasa ile kalisi kabla maji hayajafika kwenye vyombo, na maji ya chumvi ndiyo yanayovisafisha ili vinase tena. Vyangu vilikuwa vimeshiba tangu enzi za yule mtumishi, nadhani. Si chumvi ya mezani, ile huwa na unga wa kuizuia kuganda na inaziba. Ni ya chembe kubwa, safi, ya mashine hizi. Mdogo wangu wa Dar ameniletea kilo 2 kwa basi.

Nilipoirudisha pamoja, chujio nikalizungusha mpaka likalia *tak*, nikaiwasha tupu. Ilipofika pa kumwaga ikanguruma sekunde moja, kisha nikasikia maji yanashuka kwenye karo. Nilipiga kigelegele, jirani akauliza nani kaolewa.

Fundi nilimpigia kama nilivyoahidi. Akacheka sana. "Ungeniambia kuna mtoto nyumbani, mama."

Imeshaosha mara 5 tangu siku hiyo. Kila inapokaribia kumwaga maji nazima redio nisikilize. Ile nusu ya pili ya mbegu iliyopasuka sijaiona mpaka leo.