Kulima pamba bila plau: niliyoyaona Maswa

Huu ni msimu wa tatu tangu niache kupiga plau katika sehemu ya shamba letu la pamba wilayani Maswa, na majirani bado huniuliza kama ardhi isiyopinduliwa inaweza kweli kuzaa pamba. Inaweza, ingawa faida niliyoipata haikutoka pale nilipoitarajia.

Pamba huteremsha mzizi mkuu mmoja, na mzizi huo ndio unaouvusha mmea mvua inapokatika katikati ya msimu. Shamba linalolimwa kwa plau ya maksai kwa kina kilekile kila mwaka hujenga tabaka gumu chini yake, na mzizi ukilifikia hupinda kando. Ripa, jembe la kukokotwa lenye jino jembamba, hulipasua tabaka hilo kwenye mistari ya kupandia tu, yetu ikiwa na sentimita 90 katikati, huku udongo uliobaki ukiachwa kama ulivyo. Kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa mteremkoni, miche yetu ilichelewa kunyauka. Kwenye mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hujipasua wenyewe, sikuona tofauti yoyote ya maana.

Faida kubwa hasa ni wakati. Kwetu pamba hupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, na mwenye plau hulazimika kungoja mvua ilainishe ardhi, maksai wake wakiwa wamekondeshwa na kiangazi. Mimi hupitisha ripa mara baada ya mavuno, maksai wangali na nguvu, kisha mvua ya kutosha ikinyesha napanda siku hiyohiyo.

Gharama yake ni palizi. Magugu ambayo plau ingeyafukia huota yote, na msimu wa kwanza tulipalilia mara nne. Mama, aliyeshika jembe kuliko mimi, hakunificha maoni yake.

Linalobaki bila ufumbuzi ni matandazo. Kilimo hifadhi, yaani hiki cha kutopindua ardhi, hutaka masalia ya mazao yafunike udongo, lakini mashina ya pamba yanapaswa kung'olewa na kuchomwa ili funza wa vitumba wasipate maficho hadi msimu ujao, na kung'oa shina kwenyewe, tukisema kweli, ni kutifua. Mabua ya mtama nayo huliwa na ng'ombe, kwa kuwa baada ya mavuno shamba la mtu yeyote ni malisho ya wote, na sioni haki ya kumkatalia jirani desturi ambayo mifugo yetu pia huifaidi. Mwaka huu nimefyeka nyasi za ukingoni, nikazitandaza kwenye mistari minne tu na kuizungushia matawi ya miiba.