Kalio liliniwaka karibu mwaka mzima, na wala haikuwa diski

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa, na kila aliyeniona nachechemea alikuwa na jina lake la ule ugonjwa. Ati diski ya uti wa mgongo, ati figo, ati baridi ya usiku. Maumivu yenyewe yalikuwa ndani ya kalio la kulia, nikikaa dakika 20 tu yanaanza kuwaka, halafu yanateremka nyuma ya paja kama umeme hadi kwenye shavu la mguu. Mgongo haukuwa unauma! Nlilisema hilo kila mahali na hakuna aliyelishika.

Kilichoniharibu zaidi ni kukandwa. Jamaa wa steji akanipeleka kwa mzee mmoja ambaye mkono wake unasifiwa mtaa mzima, kanilaza kifudifudi kwenye jamvi, mafuta ya nazi yamepashwa moto, halafu akakita kiwiko pale pale panapouma na kuegemea na uzito wake wote. "Vumilia mwanangu, mshipa unafunguka." Nikauma mto, nikavumilia. Nikarudi mara tatu, na ile ya tatu vidole vya mguu vikafa ganzi siku mbili, breki siisikii vizuri, tuktuk ikabidi niiegeshe. Hapo hasira ikanipanda kwelikweli maana nna watoto wanasubiri unga.

Ndo nikaenda kwa fizio, mtaalamu wa kutibu misuli na viungo kwa mazoezi. Yule dada kabla hajanigusa akaniuliza, "Kaka, waleti yako unaiweka wapi?" Mfuko wa nyuma, kulia, imejaa chenji na marisiti, naikalia kutwa. Akanilaza ubavu mzima uwe chini, akakunja mguu mbovu na kulisukuma goti lishuke kuelekea kitandani, na maumivu yakaja yale yale ya kwenye usukani. Akanieleza kuna kimsuli kinaitwa pirifomisi, kimetoka kwenye mfupa wa chini ya uti wa mgongo mpaka juu ya mfupa wa paja, na mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu unapita chini yake, kwa watu wengine unapita katikati yake kabisa. Kikikaza, kinaubana. Kumbe mzee alikuwa anauponda huo huo mshipa!

Zoezi la kwanza unalala chali, kifundo cha mguu mbovu juu ya goti la mzima, unavuta paja la mzima kuja kifuani, sekunde 30, mara 3, asubuhi na jioni. Ukisikia msuli unavutika ni sawa, ukisikia umeme unateremka mguuni umezidisha, legeza. La pili ndo watu hulidharau: unalala ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, unafungua goti la juu kama chaza anavyofunguka. Halafu kuinua nyonga ukiwa chali. Hayo ni ya kutia nguvu nyonga, bila hayo msuli ule unarudi kukaza.

Na hii nimeigundua mwenyewe, naipenda mno: mpira wa tenisi ndani ya soksi ndefu. Nikisubiri abiria nasimama kwa ukuta, soksi naishika juu ya bega, mpira unakaa penye nyama ya kalio, napinda magoti taratibu unaviringika. Nusu dakika, sio zaidi, na sio penye umeme. Soksi inauzuia usianguke ukakimbilia barabarani. Pesa ya mpira hata sikumbuki, kitu kidogo tu, vikao vya fizio ndo vilikula kama elfu na kitu kila kimoja, nikaenda vinne au vitano.

Lakini ukiona mkojo huuzuii, au ganzi sehemu za siri, usingoje mpira wala fizio, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Wiki ya sita nikaanza kukaa saa nzima. Waleti sasa iko mfuko wa mbele, na kwenye foleni ya feri Likoni nashuka, natembea mpaka magari yasogee. Juzi nimepeleka mama mmoja na mizigo yake Mtwapa, nikarudi mpaka Kongowea bila kujinyanyua kitini hata mara moja.