Kikao cha kwanza, Dagoretti

Mama yule alikuja kituoni na wifi yake, wakaingia chumbani wote wawili. Wakati huo nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii Dagoretti, Nairobi, nimefunzwa PM+ (Problem Management Plus), mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwashauri wenye msongo wa mawazo, ambao hata asiye daktari anaweza kuutumia: vikao 5, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Nilimwomba wifi asubiri kwenye benchi nje. Alinuna. Lakini jamaa akiwa ndani, mteja husema anayotaka jamaa kuyasikia, na mara nyingine jamaa huyo ndiye kiini cha shida.

Kabla ya maswali, masharti. Atakayoyasema hayatatoka humo, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini, anataka kumdhuru mtu mwingine, au mtoto anateswa. Hayo husemwa mwanzoni, si baada ya mtu kumwaga ya moyoni. Akauliza kama chifu atapata nakala. La: faili lina namba badala ya jina, na kabati lina kufuli.

Kisha PHQ-9, dodoso la maswali 9 kuhusu dalili za sonona. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, kulingana na siku alizosumbuka katika wiki mbili zilizopita. Hapa wengi hupotea. Mtu hujibu kwa miaka yote aliyoteseka. Nikambania muda: "Tangu shule zifungwe wiki mbili zilizopita, Mama, usingizi umekuwaje?" Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Huulizwa waziwazi, kwani kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akatikisa kichwa, hapana. Jumla ikawa 14, na sisi tulianza vikao kuanzia 10.

Alitarajia dawa, au nimwambie kama arudi kwa mume. Mshauri haamui hayo, na asiyeambiwa mapema huondoka akidhani amepotezewa siku. Alichopata ni zoezi la kupumua: kiganja tumboni, kuvuta pumzi kwa hesabu ya tatu, kutoa kwa tatu. Mabega yalimpanda kila mara, mpaka alipoegemea kiti ndipo tumbo likaanza kusogea.

Kikao kijacho tukakipanga Jumatatu saa nane mchana, si Alhamisi, maana siku hiyo yeye hufungua belo la mitumba. Simu aliyokuwa nayo ilitumiwa na nyumba nzima. Tukakubaliana: akipokea mwingine, nitasema nimekosea namba, naye atanibipu akiwa peke yake.